WA PILI KAKOSA KITI, WA TANO KASAINI: TUACHENI KUDANGANYANA NA STORI ZA "KIPAJI"

Wadau wa nguvu, leo siongelei ndoa ya nani imevunjika wala nani kamnunulia nani gari. Leo naongelea magari yenyewe. Na kama kawaida ya humu ndani, wahusika wangu majina kapuni. Mnaojua mtajua, msiojua mtaulizana huko chini kwenye komenti.

Kilichonipandisha hasira ni hiki. Kuna kaka mmoja hapa mjini, mafolowa kibao, suti kali, kazi yake kuwatia watu moyo kwa kiingilio. Wiki iliyopita kaposti kipande cha video cha dogo mmoja wa Kijerumani aliyechukua ubingwa wa Formula 2 mwaka 2020. Juu yake kaandika maneno makubwa kwamba kipaji hakizuiliki, wewe jitume tu milango itafunguka yenyewe. Watu wakamwaga moto na makopakopa. Chawa wake wakashea mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia.

Nikasema hapana. Kwenye misimu yote ya mbio za vijana, huyu kaka kaenda kuchagua msimu unaomsuta mwenyewe. Msimu wa 2020 ni ushahidi kwamba milango haifunguki yenyewe. Kuna watu wameshika funguo, na funguo zinauzwa.

Kwa wale ambao mambo haya hamyafuatilii, twende taratibu. Gari za kiti kimoja ni zile za wazi, tairi nje, dereva peke yake katikati. Mtoto anaanza na gokati akiwa na miaka saba au nane, anapanda Formula 4, Formula 3, Formula 2, halafu juu kabisa ndio Formula 1 ya kina Hamilton. Formula 2 ndio darasa la mwisho kabla ya kazi. Na utamu wake ni kwamba gari ni zilezile kwa wote: bodi ya Dallara kutoka Italia, injini ya Mecachrome ya V6 lita 3.4 yenye turbo, tairi za Pirelli. Timu zinatofautiana mafundi na akili ya kupanga gari, lakini hakuna timu yenye injini ya siri. Ndio maana wanasema hapo ndipo kipaji kinapoonekana.

Sawa. Tuone kipaji kilionekana vipi.

Msimu ule corona iliuchelewesha. Badala ya kuanza mapema mwaka kama kawaida, ulianza Julai pale Austria na kuishia Desemba kule Bahrain. Raundi 12, kila raundi mbio mbili, jumla 24. Jumamosi mbio ndefu, mshindi pointi 25. Jumapili mbio fupi, mshindi pointi 15, na wale nane wa kwanza wa Jumamosi wanapangwa kinyume, aliyemaliza wa nane anaanza mbele. Ukiwa na kasi kuliko wote kwenye kupanga nafasi za kuanzia Jumamosi unapewa pointi 4 za bure. Hesabu hizo mzishike, tutazirudia.

Mwisho wa msimu meza ilisoma hivi. Wa kwanza, Mjerumani, mtoto wa bingwa mkubwa wa zamani, pointi 215. Tumuite Mtoto wa Jina. Wa pili, Mwingereza, pointi 201. Wa tatu, Mjapani, pointi 200. Wa nne, Mrusi mmoja, pointi 177. Wa tano, Mrusi mwingine, pointi 164. Huyu wa tano baba yake alikuwa bosi mkubwa wa biashara ya mbolea huko kwao, kwa hiyo tumuite Mtoto wa Mbolea.

Sasa swali la mtihani. Formula 1 mwaka 2021 ilikuwa na viti 20. Kutoka kwenye hii meza waliingia vijana watatu. Kwa akili ya kawaida, kwa akili ya yule kaka wa suti, ni nani na nani?

Wa kwanza, wa pili na wa tatu, si ndio?

Hapana. Waliingia wa kwanza, wa tatu na wa tano. Wa pili na wa nne walibaki nje wanaangalia.

Huyo wa pili hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye raundi 12, mara 5 yeye ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote kwenye kupanga nafasi za Jumamosi. Hakuna aliyemfikia. Bingwa mwenyewe hakuwahi hata mara moja. Mwingereza alishinda mbio 3, bingwa alishinda 2. Ubingwa ulikwenda mpaka mbio ya mwisho kabisa ya msimu, pale Sakhir. Mjerumani siku hiyo tairi zilimtesa akamaliza wa 18, na bado akawa bingwa kwa sababu mwenzake naye hakupata kitu. Tofauti yao pointi 14. Yaani ushindi mmoja tu wa mbio fupi ya Jumapili ungemaliza stori kwa namna nyingine.

Simbezi Mjerumani, tuelewane. Yule alibeba kombe kwa kutulia. Wenzake wakipotea, yeye anaokota pointi wiki hii, anaokota wiki ijayo, kama mama anayeweka akiba kwenye kibubu. Monza alianza wa 7 akashinda, siku ambayo Mwingereza alianza wa kwanza gari ikamzimikia aliposimama kubadili tairi. Huo ni mchezo, yanatokea. Bingwa ni bingwa.

Ila angalieni tarehe. Mbio za mwisho zilikuwa wikiendi ya tarehe 4 hadi 6 Desemba 2020. Timu ya Haas ya Formula 1 ilimtangaza Mtoto wa Mbolea tarehe 1 Desemba. Kesho yake, tarehe 2, ikamtangaza Mtoto wa Jina. Yaani raundi nzima, mbio mbili, pointi kibao bado ziko mezani, na viti vya timu hiyo vimeshajaa. Na aliyetangulia kutangazwa siyo aliyekuwa anaongoza ligi. Ni yule aliyekuja kumaliza wa tano.

Mtihani bado unaendelea, karatasi hazijakusanywa, na majina ya waliofaulu yameshabandikwa ukutani. Hapo mtaniambia nini kuhusu kujituma?

Machi 2021 timu ikatambulisha gari jipya, na mdhamini mkuu jina lake limeandikwa humo: Uralkali, kampuni ya mbolea ya potashi ya Urusi ambayo baba wa dogo alikuwa na mkono ndani yake. Gari likapakwa nyeupe, bluu na nyekundu. Msimu mzima wa 2021 timu ile haikupata pointi hata moja. Sifuri. Gari lenyewe lilikuwa bovu, hilo hata mimi nalikubali, hata bingwa wetu wa Formula 2 alitoka na sifuri vilevile. Kwa hiyo sifuri siyo hoja yangu.

Hoja yangu ni tarehe 5 Machi 2022. Siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, timu ilivunja mkataba na mdhamini na ikavunja mkataba na dereva. Siku moja. Tangazo moja. Hawakuhitaji kuandika kwamba kiti kilikuwa sehemu ya biashara. Waliingia mlango mmoja, wakatoka mlango mmoja.

Na kiti kile kilimrudia nani? Mdenmark mmoja ambaye timu hiyohiyo ilimuacha mwisho wa 2020 ili kuwapisha hawa vijana. Akarudi, mbio ya kwanza ya msimu wa 2022 kule Bahrain akamaliza wa 5. Gari la mwaka huo lilikuwa jipya na zuri zaidi, ndio, sheria za gari zilibadilika. Lakini dereva mzuri walikuwa naye, wakamuachia, halafu wakaja kumpigia simu maji yalipofika shingoni.

Najua povu litakuja. Ruksa. Nianze kuwajibu kabisa.

Povu la kwanza: "Wewe una wivu na watoto wa matajiri." Wala. Mtoto hachagui baba. Na Mtoto wa Mbolea siyo kwamba hajui kuendesha. Alishinda mbio 2 za Jumamosi msimu ule, Silverstone na Mugello, na mbio za Jumamosi ndizo ngumu. Spa alivuka mstari wa kwanza, akanyang'anywa ushindi kwa adhabu ya kumbana Mjapani nje ya barabara. Anajua gari. Mtu ambaye ni wa tano kati ya vijana 22 bora wa dunia siyo boya. Ningekuwa na mshua wa hivyo na mimi ningeingia tu, nisiwadanganye. Ugomvi wangu hauko kwa mtoto. Ugomvi wangu uko kwa watu wazima wanaopanga mnada halafu wanautangaza kama mtihani.

Povu la pili: "Mbona Mjapani kaingia na hana baba tajiri?" Swali zuri. Mjapani alikuwa moto kweli, alishinda mbio 3 na alikuwa mgeni wa Formula 2 mwaka ule. Lakini nyuma yake alikuwepo Honda aliyemkuza tangu kwao Japani, na Red Bull waliomchukua kwenye programu yao ya vijana. Timu aliyokwenda ni ya Red Bull, injini ilikuwa ya Honda. Kipaji alikuwa nacho, na mlipaji alikuwa naye. Mwenye kipaji bila mlipaji tumeshamuona: yule wa pili. Yeye na yule Mrusi wa nne walikuwa wamekumbatiwa na akademi ya Ferrari, wakapewa kazi za kujaribu magari, kukaa benchi na helmeti mkononi. Siyo kiti.

Na subirini niwape hii, ndio inaniuma zaidi. Mwaka 2021 huyo wa pili alikuwa dereva wa akiba kwenye timu ya Alfa Romeo. Viti vyote viwili vya pale vikawa wazi kwa msimu wa 2022. Mmoja wapo akapewa kijana kutoka China, ambaye mwaka 2020 walikuwa timu moja ya Formula 2, gari sawa, gereji moja. Mwaka huo Mwingereza alimaliza na pointi 201, Mchina 151.5. Mchina aliongezeka mwaka uliofuata, akamaliza wa tatu Formula 2, na alipoingia F1 mbio yake ya kwanza tu akapata pointi. Sio mbovu. Lakini soko la China ni kubwa, wadhamini wa China wapo, na Mwingereza wa akiba hakuja na soko la mtu. Akafungasha kwenda Marekani kwenye IndyCar.

Povu la tatu, hili ndilo ninalolisubiri kwa hamu: "Mbona Hamilton katoka familia ya kawaida?" Jamani. Hamilton mnamuheshimu, mimi namheshimu kuliko nyinyi. Mzee wake alikuwa anapiga kazi zaidi ya moja ili dogo apate tairi za gokati. Lakini mwaka 1998, Hamilton akiwa na miaka 13, McLaren na Mercedes walimsaini na wakaanza kulipa. Hapo ndipo safari ilipopata mafuta. Na mwenyewe ameshasema hadharani kwamba mchezo umekuwa wa watoto wa mabilionea, na kwamba kama angeanza leo kwa hali ile ya nyumbani kwao asingefika. Sasa mtu aliyepita mlangoni anakwambia mlango umefungwa, wewe huku Bongo unabisha kwamba uko wazi? Umemzidi nini?

Povu la nne: "Huo ni msimu mmoja tu." Haya, twende misimu mingine.

Bingwa wa Formula 2 mwaka 2021, Muaustralia. Huyu mwaka 2020 alishachukua ubingwa wa Formula 3 kwa tofauti ya pointi 3 tu. Kapanda darasa, kachukua tena mara ya kwanza. Mwaka 2022 alikuwa wapi? Benchi, dereva wa akiba. Kiti kapata 2023, na huko McLaren ameshashinda mbio za F1. Yaani kijana wa kushinda Formula 1 alipotezewa mwaka mzima amekaa anapiga picha na simu.

Bingwa wa 2022, Mbrazili. Mwaka 2023 hakuwa na kiti cha mbio F1. Bingwa wa 2023, Mfaransa, ndiye aliyekosa ule ubingwa wa Formula 3 kwa pointi 3. Mwaka 2024 naye hakuwa na kiti cha mbio F1. Bingwa wa 2024, naye Mbrazili, huyo alibahatika, kaingia 2025. Kwa hiyo mabingwa watatu mfululizo, mmoja baada ya mwingine, walibeba kombe la darasa la mwisho na mwaka uliofuata hawakuwa na pa kukaa.

Na kuna sheria moja ambayo ukiisikia unaweza kucheka au kulia. Ukishakuwa bingwa wa Formula 2 hauruhusiwi kurudi kushindana humo. Nia yao ni nzuri, wapishe wengine. Lakini fikiria: umekuwa wa kwanza darasani, shule inakwambia toka umehitimu, nje kazi hakuna, na kurudi darasani marufuku. Wa tano anaweza kurudi mwaka unaofuata kujaribu tena kama mshua ana mkwanja. Wa kwanza hawezi.

Tuje kwenye mkwanja wenyewe. Msimu mmoja wa Formula 2 kwa dereva mmoja hutajwa kuwa karibu euro milioni 2 mpaka 3. Chukua hata hiyo milioni 2, ibadili kwa hela zetu, ni zaidi ya bilioni 5 za Kitanzania. Kwa mwaka mmoja. Kwa kijana mmoja. Bado hujahesabu Formula 3, bado Formula 4, bado ile miaka ya gokati Ulaya ambako mtoto anaishi kwenye gari la mizigo na wazazi wake kila wikiendi. Na hizo hela timu haimlipi dereva. Dereva ndiye anayeilipa timu.

Rudieni hiyo sentensi. Dereva ndiye anayeilipa timu.

Sisi huku tunajua mpira, tuupime kwa mpira. Simba au Yanga wakitaka kiungo wanakwenda kumtafuta, wanatoa hela, wanamsaini. Wanaweza kupigwa, wanaweza kuleta galasa, lakini hela inatoka klabuni kwenda kwa mchezaji. Sasa vuta picha siku kiungo anakuja Kariakoo na baba yake, baba anasema jamani mimi nina kiwanda, jina la kiwanda likae kifuani kwenye jezi, mwanangu acheze namba 8 msimu mzima. Na viongozi wanasema karibu sana mzee, namba 8 ya sasa tutaiacha. Mashabiki wangelala nyumbani siku hiyo? Mtaa ungewaka. Redio zingekesha. Lakini ikifanyika Ulaya na gari linang'aa, tunaita "maajabu ya kipaji".

Mpira nao una madudu yake, siyo malaika. Ila mtoto wa Mbagala anaweza kucheza chandimu mchangani na siku moja mtu akamuona. Nani atamuona mtoto wa Mbagala akiwa na kasi kwenye gari ambalo hajawahi kulikalia? Afrika nzima haijaandaa mbio ya Formula 1 tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Majirani zetu Kenya wana Safari Rally, ilirudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, na vijana wao wameanza kuonekana huko. Hongera zao za kweli. Lakini hao nao waulize, jambo la kwanza watakalokwambia ni nani aliyewadhamini.

Sasa mtasema, wewe bloga wa udaku haya yanakuhusu nini, Austria na Bahrain ni mbali. Niwaambie yanavyonihusu.

Baada ya ile posti kuzunguka, dogo mmoja msomaji wa humu alinitumia meseji. Ana miaka 18, anasoma ufundi magari chuo, amebakiza miezi michache kumaliza. Anasema yule kaka wa suti anaandaa semina ya siku mbili ya "kufungua milango ya kipaji", kiingilio laki moja na nusu, na wakishapita hapo kuna orodha ya "kuunganishwa" na akademi za mbio za nje, hiyo nayo ina malipo yake. Dogo anauliza: niuze boksi langu la spana nipate kiingilio, au nimwambie mama aniongezee?

Boksi la spana. Kitu pekee ambacho kesho kitamlisha, ndicho anachotaka kukiuza akanunue maneno.

Hapo ndipo uongo wa "kipaji hakizuiliki" unapoacha kuwa posti ya kutia moyo na kuwa wizi mtupu. Mtu wa pili wa dunia, mwenye akademi ya Ferrari nyuma, mwenye ushindi mara 3, kazuilika. Wewe wa laki moja na nusu utaunganishwa na nani? Huyo kaka aonyeshe jina la kijana mmoja tu, mmoja, aliyetoka kwenye semina yake akakalia hata gokati ya mashindano. Nampa nafasi humu humu, ajibu, nitaiweka kama ilivyo bila kukata neno.

Dogo nilimjibu hivi, na nawajibu wote wenye swali kama lake. Usiuze spana. Kwenye gereji ya Formula 2 kuna watu wengi wanafanya kazi: fundi, mhandisi, mtu wa tairi, mtu wa kompyuta anayesoma namba za gari. Katika wote hao, mmoja tu ndiye anayelipa ili awepo pale, na ni dereva. Wengine wote wanalipwa. Mkono wako unaojua kufungua injini na kuifunga ikawaka una njia ndefu, ndio, lakini ni njia ambayo hela inakuja kwako. Njia anayokuuzia yule kaka hela inatoka kwako, kuanzia siku ya kwanza.

Na msinielewe vibaya kwamba nawaambia msiote. Oteni. Angalieni mbio, pigeni kelele, kosaneni na wapenzi wenu Jumapili kwa sababu ya mbio. Mimi mwenyewe sikosi. Mbio za vijana ni tamu kuliko hata F1, watoto wanapigana kila kona bila woga. Ila ndoto ije na bei yake imebandikwa, kama nguo ya dukani. Mtu akikuuzia ndoto muulize maswali matatu. Nani analipa? Wa pili alikwenda wapi? Na wewe unayeniuzia, hela yako inatoka kwenye mbio au inatoka kwangu?

Wenye mchezo nao wana la kufanya, wasijifiche. Wanasema hawana namna, gari ni ghali, timu ndogo bila mdhamini zinakufa. Kweli, timu inahitaji hela. Basi waseme kiti kinauzwa, wabandike bei, tujue. Au kama wanataka tuendelee kuita mashindano, bingwa wa Formula 2 apewe kiti cha F1 mwaka unaofuata, lazima, aamke masikini aamke tajiri. Kiti kimoja kati ya vyote. Hivyo vingine vilivyobaki wapigane nazo hizo bahasha zao. Kiti kimoja tu cha haki kingemfanya yule kaka wa suti awe nusu mkweli.

Mpaka siku hiyo, ukiona mtu kaposti bingwa na maneno ya "kipaji hakizuiliki", mshushie komenti moja tu: wa pili yuko wapi?

Haya, uwanja wenu. Povu ruksa, matusi hapana.